Kufunga vikanyagio vya mbao ngumu kwenye ngazi bila skrubu kuonekana: tuanzie chini ya ngazi

#1 Randa Ndefu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali hili linarudi kila mara: nifanyeje vikanyagio vya ngazi vikae imara bila alama ya msumari wala skrubu kwa juu? Na jibu huwa lilelile: paka gundi ya kutosha, weka uzito, kesho panda. Nimeona nifungue uzi tulijadili kwa kina, maana jibu hilo limeshanigharimu ngazi nzima.

Kwanza tukubaliane majina. Kikanyagio ni ubao uliolala, unaoukanyaga. Ubao wa wima ni ule unaosimama kati ya kikanyagio kimoja na kingine. Mihimili ni ile ya pembeni inayobeba vyote. Pua ni sehemu ya mbele ya kikanyagio inayotokeza kupita ubao wa wima.

Ngazi yangu ya kwanza ilikuwa ya mwaloni, vikanyagio 13, upana milimita 280, unene 25. Nilipaka gundi ngumu ya mbao mgongo mzima, mbele mpaka nyuma, juu ya plaiwudi, nikakandamiza usiku kucha. Siku ya kukabidhi ilipendeza kweli. Miezi michache baadaye, hewa ilipokauka, nikaitwa. Vitatu vimepasuka kwa urefu, ufa mmoja ukubwa wa kupitisha kadi ya benki, na vingine viwili vinalia ukikanyaga ukingo wa nyuma. Nilivibandua vyote kwa mkono wangu. Gundi haikuachia mahali popote. Kilichoachia ni mbao yenyewe.

Hapo ndipo nilipokaa na kalamu. Mwaloni mwekundu uliopasuliwa bapa, yaani pete za mti zimelala ukiutazama ubao kwenye ncha, hubadilika upana takriban asilimia 0.37 kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayoingia au kutoka ndani ya mbao. Kwa ubao wa milimita 280, hiyo ni kama milimita 1 kwa kila asilimia 1. Mbao ikitoka unyevu wa asilimia 12 ikashuka hadi 8, imesinyaa milimita 4. Ukiwa umepasuliwa robo, yaani pete za mti zimesimama wima ukiutazama ubao kwenye ncha, haifiki hata 2. Kwa urefu ubao hausogei kiasi cha kukusumbua.

Kwa hiyo ninachokiamini sasa ni hiki: kikanyagio kifungwe kwa nguvu kwenye mstari mmoja tu, mbele au nyuma, na upande wa pili uzuiwe kuinuka lakini uachiwe kutembea. Ukishalikubali hilo, kuficha skrubu ni suala la kuchagua mahali pa kuiweka.

Na mahali hapo panategemea swali moja ambalo watu huliruka: je, unaweza kufika chini ya ngazi? Usinunue gundi wala skrubu kabla hujalijibu.

Ukiweza kufika, shukuru. Mbele ya kikanyagio, toboa matundu ya mshazari kwenye mgongo wa ubao wa wima, nyuzi kama 15, skrubu ipande na kuuma kikanyagio kwa chini. Nyuma, tumia kona ndogo za chuma zenye tundu refu, tundu likielekea mbele-nyuma, ili skrubu ishike lakini ubao uteleze. Usitoboe ubao wa kazi kabla ya kujaribu kwenye kipande cha unene uleule. Skrubu ikizidi milimita 3 tu, ncha yake inaanza kusukuma nyuzi za mbao za juu. Hutaiona siku hiyo. Utaiona ukishapaka vanishi, kidoti kilichovimba kama chunusi.

Ukiwa huwezi kufika, labda chini kumepigwa plasta au kuna kabati, njia ninayoitumia mimi ni ya herufi L. Nitaieleza kwenye posti inayofuata, hii imekuwa ndefu.

#2 Randa Ndefu

Njia ya L.

Chukua kikanyagio na ubao wake wa wima wa mbele, viunganishe mezani, siyo kwenye ngazi. Gundi kwenye kiungo, halafu matundu ya mshazari kwa nyuma ya ubao wa wima, skrubu zikipanda kwenye kikanyagio, moja kila sentimita 20 hivi. Ukishakaza unapata kipande kimoja chenye umbo la L iliyopinduliwa. Kikae mezani mpaka gundi ikauke. Hakikisha kimeshika pembe mraba, kwa sababu kikienda nje hata kidogo pua zote hazitalingana.

Sasa ukingo wa nyuma wa kikanyagio. Hapo ndipo siri ilipo. Ubao wa wima wa hatua inayofuata utakaa juu ya ukingo huo, na unene wake ni kama milimita 19. Kwa hiyo chochote kilichomo ndani ya milimita 12 au 13 za mwisho kitafunikwa. Chonga pale mapengo matatu ya umbo la U, yaliyo wazi kwa nyuma, na uyazamishe milimita 4 kwa juu ili kichwa cha skrubu na washa yake vikae chini ya uso wa ubao. Skrubu ipite kwenye U iingie kwenye ngazi ya zamani, ile unayoifunika. Kaza mpaka washa ishike, kisha rudisha robo mzunguko. Ubao hauinuki, ila unaweza kutembea kuja mbele na kurudi nyuma.

Acha milimita 3 kati ya ukingo wa nyuma na ubao wa wima wa zamani. Mwanya huo nao utafunikwa.

Chini ya kikanyagio weka gundi ya kunyumbulika, ya poliyurethani, iliyotengenezwa kwa sakafu za mbao. Mistari, siyo kupaka kote. Mbele mistari miwili, katikati mmoja, nyuma hakuna.

Unaanzia chini kwenda juu, kwa kuwa kila L inafunika skrubu za iliyotangulia.

#3 Ngazi Saba

Mkuu Randa, asante sana kwa uzi. Mimi siyo fundi wa kazi, naifanya nyumbani kwangu. Maswali mawili. Moja, nikianza chini kwenda juu nitapandaje huku gundi haijakauka? Pili, ngazi yangu ni ya zege, siyo ya mbao. Hii L inafanya kazi?

#4 Binti Patasi

Ngazi Saba, kabla hujajibiwa kuhusu zege naomba nikuulize: umepima urefu wa hatua ya kwanza na ya mwisho?

Nauliza kwa sababu kosa kubwa kuliko yote kwenye kazi hii halihusu skrubu. Tuseme kila hatua yako sasa ina kimo cha milimita 175. Unaweka plaiwudi ya 18 juu ya zege, halafu kikanyagio cha 25. Umeongeza 43. Hatua za katikati hazibadiliki kwa sababu zote zimepanda sawa. Lakini ya kwanza, kutoka sakafuni, imekuwa 218. Na ya mwisho, kama sakafu ya juu hukuigusa, imebaki 132. Mguu wa mtu huzoea kimo ndani ya hatua mbili za kwanza, baada ya hapo haangalii tena. Akifika juu anakanyaga hewa.

Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazotumika sehemu nyingi za Marekani haziruhusu tofauti ya zaidi ya inchi 3/8, yaani milimita 9.5, kati ya hatua ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote kwenye ngazi moja. Kimo chenyewe mwisho ni inchi 7¾, kama milimita 196. Hata kama unapoishi hakuna anayekuja kukagua, goti la mama mzee litakagua.

Kuna kipimo cha zamani cha Mfaransa François Blondel, wa karne ya 17: zidisha kimo mara mbili, jumlisha na kina cha kikanyagio, upate urefu wa hatua moja ya mtu anayetembea. Siku hizi watu hulenga milimita 600 hadi 650. Kwa kimo cha 175 na kina cha 280 unapata 630, safi. Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua mbao, siyo baada.

#5 Randa Ndefu

Dada Binti Patasi, umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulitanguliza. Nakubaliana nawe kila neno.

Ngazi Saba, kuhusu kupanda: panga kazi ili jioni iishie juu na usishuke tena, kama kuna njia nyingine ya kutoka. Kama hakuna, kufunga hatua moja na kuruka moja hakuwezekani kwa njia ya L, kwa sababu kila moja inamtegemea mwenzake. Hapo fanya hatua tatu au nne kwa siku, asubuhi ya pili endelea. Gundi ya poliyurethani hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, na nyingi zinataka saa 24 kabla ya kubeba uzito wa mtu. Usiiharakishe. Ukikanyaga mapema kikanyagio kinasogea nusu milimita, ile ngozi ya gundi iliyoanza kushika inachanika, na hapo umejitengenezea mlio wa miaka.

Zege. Inafanya kazi, lakini kwanza hakikisha limekauka. Kata kipande cha nailoni safi, sentimita 45 kwa 45, kibandike kwa tepu pande zote nne juu ya zege, kiache angalau saa 16. Ukikifunua ukakuta matone au zege limebadilika rangi, usiweke mbao. Likiwa kavu, funga plaiwudi ya 18 kwa skrubu za zege, sawazisha kwa pima maji, kisha endelea na L juu ya plaiwudi. Lakini 43 za Binti Patasi utazilipa pale pale. Wengine huacha plaiwudi wakabandika moja kwa moja kwa gundi ya kunyumbulika. Inakubalika kama zege limenyooka, ila utakosa mahali pa kushika skrubu za nyuma, labda utoboe zege kila hatua.

#6 Mzee Kabari

Vijana, mmefanya vizuri. Niongeze ya wazee.

Nilifundishwa ngazi na marehemu baba yangu, na hatukuwa na skrubu ya kuficha kwa sababu hatukuwa na skrubu. Muhimili unachongwa mfereji wa kina cha milimita 12 hivi kwa kila kikanyagio na kila ubao wa wima. Mfereji unaanza na unene wa ubao pale mbele, halafu unatanuka kuelekea nyuma. Kikanyagio kinaingizwa, kisha kwa chini unapiga kabari ndefu yenye gundi, inakisukuma kikanyagio juu kikakumbatia ukingo wa mfereji. Kwa juu huoni kitu. Mstari tu, safi kama umechorwa.

Kabari haipigwi kwa nguvu, inapigwa kwa sikio. Nyundo ikianza unasikia du, du, sauti nene. Kabari ikishika sauti inapanda, ta, ta. Hapo simama. Pigo moja la ziada linapasua muhimili. Baba alipaka gundi kwenye kabari na ukuta wa mfereji, hakupaka kwenye ncha ya kikanyagio. Sikumuuliza sababu. Leo nimesoma posti ya kwanza ndiyo nikaielewa.

#7 Randa Ndefu

Shikamoo mzee. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mimi nimeiona kwenye ngazi kongwe nilizofungua, na zile kabari bado zilikuwa zimeshika.

#8 Mzee Kabari

Marahaba mwanangu.

#9 Vizibo Tu

Mimi napingana kidogo na mleta uzi, kwa heshima. L ni nzuri, lakini kwa fundi mmoja asiye na meza kubwa na klampu za kutosha ni mzigo. Mimi nafunga kwa skrubu za juu, kisha naziba kwa vizibo vya mbao ileile. Vikifanywa vizuri hakuna mgeni atakayeviona. Tatizo ni kwamba watu wengi wanavifanya vibaya wakasema njia ni mbaya.

Kosa la kwanza ni kutumia vipande vya fimbo ya duara. Fimbo ukiikata unaonyesha ncha ya nyuzi, na ncha hunywa vanishi kuliko ubao. Matokeo yake ni doa jeusi. Kizibo kitolewe kwa keke ya kukatia vizibo kutoka kwenye mabaki ya kikanyagio hichohicho, ili uso wake uwe uso wa ubao. Toboa tundu la milimita 10, kina 8 hadi 10, halafu tundu dogo la skrubu katikati yake. Kaza. Tia gundi tone moja tu ukutani mwa tundu, geuza kizibo mpaka mistari yake ifuate mistari ya ubao, gonga taratibu.

Kosa la pili ni kukata. Gundi ikikauka kizibo kinakuwa kimetokeza milimita 3 au 4. Ukikipiga patasi mara moja usawa wa ubao, nyuzi zikiwa zinashuka kuelekea ndani, kitavunjika chini ya uso, na utabaki na shimo ambalo msasa hauliondoi. Anza juu. Kata kipande chembamba kwanza, nusu tu ya kilichotokeza, uangalie ufa unakimbilia wapi. Ukipanda, endelea upande huohuo. Ukishuka, zunguka uje na patasi kutoka upande wa pili. Mwishowe patasi inalala bapa kabisa juu ya ubao na kinachotoka ni unyoya. Msasa mara mbili tatu, basi.

#10 Randa Ndefu

Ndugu Vizibo Tu, maelezo yako ya patasi ni bora kuliko nilivyowahi kuyasikia. Sina ubishi na vizibo. Ombi langu ni moja: skrubu za nyuma, tundu la chini ya kichwa liwe pana kuliko skrubu, au liwe refu. Ukiweka mbele na nyuma zote zikiwa zimebana, umerudi kwenye ngazi yangu ya kwanza, ila sasa ina vizibo.

#11 Vizibo Tu

Hapo umenikamata, mkuu. Nyuma huwa natoboa milimita 2 zaidi ya skrubu lakini sikuwahi kulisema kwa mtu, nililiona dogo. Nimekubali.

#12 Binti Patasi

Mambo matatu ya haraka kwa wanaosoma, maana sijaona mtu akiyataja.

Kuta mbili za ngazi haziko sambamba karibu kamwe. Usipime kikanyagio kimoja ukakata 13. Tengeneza kiolezo: kipande cha plaiwudi kifupi kidogo kuliko ngazi, na vipande viwili vya pembeni vinavyozunguka kwenye skrubu. Kilaze hatua ya kwanza, sukuma pembe zishike kuta, kaza, hamishia kwenye ubao. Rudia kila hatua na uandike namba chini ya ubao. Ncha zikate kwa kuinamisha msumeno nyuzi 2 kuelekea ndani, ili ukingo wa juu tu ndio uguse muhimili.

Paka vanishi pande zote, hata chini na kwenye ncha, kabla ya kufunga. Acha tu pale gundi itakapopita. Ubao uliopakwa juu peke yake hunyonya unyevu kwa chini na kujikunja kama bakuli.

Na kama mbao yako ni msaji, ina mafuta. Futa sehemu ya gundi kwa asetoni muda mfupi kabla ya kubandika, siyo jana yake, maana mafuta hurudi juu.

#13 Ngazi Saba

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilipima kama dada alivyosema. Hatua yangu ya kwanza ingefika 221. Nimeamua kuacha plaiwudi, na sakafu zote mbili, ya chini na ya juu, ziwekwe mbao za unene ule ule 25, kwa hiyo hakuna hatua itakayobadilika. Nailoni ilitoka kavu.

Nimefunga hatua mbili za majaribio kwa L, nikatoboa zege kwa skrubu za nyuma. Ya kwanza imetulia kabisa. Ya pili inatoa mlio mdogo, upande wa kushoto mbele, ukikanyaga kwenye pua. Nifanyeje, niibandue?

#14 Randa Ndefu

Usiibandue bado. Mlio wa mbele kwenye pua maana yake ubao wa wima haujagusa chini vizuri upande huo, kwa hiyo kikanyagio kinashuka kidogo na kusugua kiungo. Chukua kipande cha karatasi, jaribu kukipitisha chini ya ubao wa wima, kuanzia kushoto kwenda kulia. Kinapoingia weka alama, na kinapokwama weka alama.

#15 Ngazi Saba

Kinaingia sentimita 14 za kushoto. Kulia kinakwama.

#16 Mzee Kabari

Mwanangu, chonga kabari nyembamba ya mbao hiyohiyo, upana sentimita 3, ncha yake iwe kama karatasi. Paka gundi pande zote mbili, isukume kwa kidole kwanza, kisha gonga mara mbili kwa mpini wa patasi. Iweke sentimita 5 kutoka ukutani, na nyingine sentimita 11. Ikauke usiku mmoja, ikate usawa wa ubao. Huko chini ndiko hatua inayotangulia inakuja kukutana nayo, na ukikata safi mstari hautaonekana.

#17 Ngazi Saba

Nimefanya jana jioni. Leo asubuhi nimesimama kwenye pua kwa mguu mmoja, nikacheza kushoto na kulia. Kimya. Naendelea na ya tatu. Shikamoo mzee, na asanteni wote.